Kuuza au Kuweka? Shauri la Vyombo vya Muziki Visivyopigwa

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi, nasi tuliolelewa katika nchi yenye ukame kama hii ya Machakos twalishika neno hilo kwa nguvu. Mahindi ya ghalani, fedha za chama, hata mabati ya zamani yaliyoegemezwa nyuma ya nyumba, vyote huwekwa kwa sababu kesho haijulikani. Lakini iko mali ya namna nyingine ambayo huoza kwa kuwekwa, tena huoza kimya kimya, hali mwenyewe aendelea kuihesabu kana kwamba ni nzima. Mali hiyo ni vyombo vya muziki visivyopigwa. Naamini wako wasomaji wengi wenye gitaa, kinanda au spika iliyofunikwa kwa gunia chumbani, nao kila mwaka hujiuliza kama yafaa waviuze au waviweke. Kwa kuwa shauri hilo limefika nyumbani kwangu mwaka huu, naona si vibaya kueleza jinsi nilivyolipima, ili mwenzangu aliye katika hali kama hiyo apate mahali pa kuanzia.

Vyombo vyenyewe ni hivi: magitaa mawili ya umeme, gitaa moja la besi, amplifaya moja, spika mbili kubwa, maikrofoni mbili na seti moja ya dramu. Tena liko gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme. Tulivinunua mwaka 1977, vijana wanne wa kijiji kimoja upande wa Kangundo. Wenye umri watakumbuka kwamba baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili mwezi wa Julai 1975, na kwa ajili hiyo bei ya kahawa ikapanda ulimwenguni kote. Fedha zikaingia katika nyumba ambazo hazikuwa zimezizoea. Wako waliojenga nyumba za mawe, wako walionunua ng'ombe wa maziwa. Sisi tulichanga tukaenda Nairobi, tukarudi na sauti.

Huenda kijana wa leo asifahamu kwa nini tulitumia fedha ya kahawa kwa jambo hilo. Siku zile mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mara nyingi mwenye hoteli au mwenye duka la santuri ndiye aliyenunua magitaa, akawaita vijana waje wapige, na siku walipodai ujira zaidi waliondoka mikono mitupu, kwa kuwa hata kamba za gitaa hazikuwa zao. Ng'ambo ya mpaka nako, NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji walikuwa waajiriwa wa chama. Kwa hiyo kuwa na vyombo vyako mwenyewe kulikuwa ni kuwa na kauli yako mwenyewe. Katika miaka hiyo Kakai Kilonzo na wenzake wa Kilimambogo Brothers walisikika redioni, na kila kijiji cha Ukambani kilitamani kuwa na magitaa yake. Sisi tulipiga katika arusi, katika harambee za shule na katika sikukuu za Krismasi. Umeme haukuwapo kijijini. Tulibeba jenereta juu ya gari la kukodi.

Kisha zikaja kanda na disko. Mwenye hoteli aliona kwamba mtu mmoja mwenye kanda hula sahani moja ya chakula, na bendi hula sita. Mwenzetu wa kwanza alifariki mwaka 1991, na wa pili mwaka 2009. Wa tatu anakaa Mombasa, na vidole vyake vimeshikwa na baridi yabisi. Tangu mwaka 1994 vyombo vimekuwa chumbani kwangu. Umeme ulipofika kijijini kwetu, vilikuwa vimelala zaidi ya miaka 20.

Mwaka huu alifika mfanyabiashara wa vitu vikuukuu. Alitazama, akagongagonga, akasema atatoa shilingi 40,000 kwa vyote, taslimu, lakini sharti avipakie siku ile ile kabla ya saa kumi. Mwanangu aliniambia, "Baba, pokea. Karo ya chuo cha ualimu ya mjukuu wako haitangoja." Mama watoto naye akasema, "Hizo ni sauti za marehemu. Utauzaje sauti ya mtu?" Niliona kwamba kila mmoja wao ana haki yake. Nikamwomba mnunuzi mwezi mmoja. Hakupendezwa, lakini alikubali.

Katika mwezi ule nilikumbuka kwamba neno hili la kuuza na kuweka si geni katika wilaya yetu. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliamuru mifugo ya Wakamba ipunguzwe kwa nguvu, kwa kisa kwamba udongo unaharibika. Ng'ombe walikamatwa wakauzwa kwa bei ambayo wenyewe hawakuikubali. Mwezi wa Julai mwaka huo maelfu ya watu, wake kwa waume, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakakaa huko majuma kadhaa. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu uhamishoni, lakini Serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu.

Ukilitazama jambo hilo vema, utaona mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba mtu hukasirishwa na kuharakishwa kuliko anavyokasirishwa na kuuza. Wazee wetu walikuwa wakiuza ng'ombe tangu zamani, ila kwa hiari na kwa wakati wao. La pili ni chungu zaidi: udongo ulikuwa unaharibika kweli. Ng'ombe mwingi asiye na malisho hakumtajirisha mwenyewe. Vilima vya Machakos vilipona baadaye kwa makingamaji yaliyochimbwa na vikundi vya mwethya. Hawakukomboa nchi kwa kuuza kila kitu, wala kwa kung'ang'ania kila kitu, bali kwa kuuliza kila shamba laweza kubeba nini.

Nikaanza basi kuuliza swali hilo hilo juu ya vyombo. Nilimwita fundi anayefanya kazi Luthuli Avenue, Nairobi, nikamlipa nauli na siku moja ya kazi. Alinikataza kabisa kuitia amplifaya umeme kabla hajaifungua. Alinieleza kwamba ndani yake vimo vidude vidogo vya kuhifadhi umeme viitwavyo kapasita, na maji maji yaliyomo ndani yake hukauka kwa miaka; mtu akiiwasha ghafula baada ya kukaa muda mrefu, huweza kupasuka na kuunguza vingine. Karatasi ya spika moja ilikuwa imetafunwa na panya. Gitaa moja la umeme lilikuwa limepinda shingo, kwa kuwa kamba zake ziliendelea kulivuta miaka yote hiyo. Gitaa la besi lilikuwa zima. Fundi alisema, "Mzee, ukiviweka miaka kumi mingine, utakuwa umeweka mbao na kutu." Hapo nilifahamu kwamba kuweka si kusimama mahali pamoja. Anayeweka bila kutunza naye anauza, ila bei yake hupokewa na panya.

Likabaki swali kubwa kuliko yote: je, vyombo hivi ni vyangu? Wenye hekima husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa bahati njema daftari letu la mwaka 1977 lilikuwapo. Ndani yake imeandikwa michango yetu wanne, na yule aliyefariki mwaka 1991 ndiye aliyetoa zaidi, maana aliuza na fahali wake. Kitu kilichonunuliwa na wanne hakiwi cha mmoja kwa sababu ya kukaa chumbani mwake. Nilimpigia simu mwenzangu wa Mombasa, nikaongea na watoto wa yule wa 2009, kisha nikaenda kwa miguu hadi kwa mjane wa yule mwenye fahali. Nilimsomea daftari. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Shemeji, mume wangu hakuuza fahali ili panya wapate nyumba. Uza. Lakini lile la besi alilopiga yeye, usimpe mtu asiyejua kulipiga."

Neno hilo la mama yule lilinifungulia njia kuliko hesabu zangu zote. Hakuuliza bei gani, aliuliza nani. Tangu hapo nilijiwekea maswali matatu, nami nayatoa kwa wasomaji. Kwanza, katika mwaka uliopita, ni nani aliyekipiga chombo hiki? Asipokuwapo mtu, na mwaka ujao asionekane wa kukipiga, chombo hicho kimekwisha kuwa mzigo. Pili, kikiondoka leo, je, chaweza kupatikana kingine cha kufanya kazi ile ile? Amplifaya na spika hupatikana madukani, tena mpya ni nyepesi na zala umeme kidogo. Tatu, kinapokwenda kitafanya kazi gani? Kwa mfanyabiashara yule vingefumuliwa, shaba upande huu na mbao upande ule.

Kuna vijana watano katika kijiji cha jirani wanaopiga katika arusi siku za Jumamosi. Vyombo wanakodi, na ada ya kukodi hula karibu nusu ya ujira wao. Nilipowasikia wakieleza hayo nilikumbuka wenye hoteli wa zamani. Niliwaita wakaja na fundi wao wenyewe. Tulipatana shilingi 55,000 kwa amplifaya, spika, maikrofoni, dramu, gitaa la umeme lililo zima na lile la besi: 25,000 mkononi, na zilizobaki kwa muda wa miezi kumi. Kabla ya kutia sahihi nilimtaka kijana wa besi apige mbele ya mjane. Alipiga. Mama alitikisa kichwa kukubali, akaomba maji ya kunywa, hakusema neno. Mapatano yaliandikwa nakala tatu, mbele ya mzee wa kijiji, na fedha zagawanywa kwa kufuata daftari la 1977.

Sitaficha hasara iliyopo. Fungu langu katika zile 25,000 halikutosha karo, hivyo niliuza mbuzi wawili ambao sikukusudia kuwauza. Vijana wale waweza kushindwa kulipa, kwa maana mvua ikikosekana arusi nazo hupungua. Mwanangu bado asema kwamba fedha taslimu ni fedha, na ahadi ni maneno, wala siwezi kumwambia kwamba amekosa. Nilichomjibu ni kwamba 40,000 za mnunuzi yule zingegawanywa vile vile kwa daftari, na fungu langu lisingalitosha karo pia.

Gitaa lililopinda shingo nilimpa fundi alitumie kwa vipuri. Gitaa kavu nimelibakiza, si kwa ajili ya kumbukumbu tu, bali kwa sababu nalipiga jioni, na kwa hiyo lapita swali la kwanza. Nimejifunza kulegeza kamba zake ninaposafiri, na kulitundika mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na jua la dirishani.

Ama kuhusu sauti za marehemu, mama watoto alikuwa na haki, lakini sauti hizo hazikuwamo katika amplifaya. Zilikuwamo katika nyimbo zetu, na nyimbo hizo hazikupata kutiwa katika santuri. Basi mjukuu wangu ameketi nami jioni nyingi na simu yake, nami nimemwimbia zote ninazozikumbuka, pamoja na majina ya waliozitunga. Mwenzangu wa Mombasa amerekebisha maneno mahali nilipoyasahau. Hata sasa tumepata 19, na kila mmoja wa zile nyumba nne amepelekewa.

Msomaji mwenye vyombo vilivyofunikwa kwa gunia, nakusihi uvifunue mchana, ungali na nguvu na akili timamu. Mwite fundi kabla hujamwita mnunuzi. Tafuta daftari, na lisipokuwapo, waulize mliochanga nao wangali hai. Ukishaondoka duniani, watoto wako hawatajua gitaa lipi lilikuwa la nani, wala hawatajua kwa nini fahali aliuzwa. Mnunuzi mwenye haraka naye atafika kwao, na saa kumi yake itafika mapema.