Mnyama wa Ziwani na Mtoto wa Ganjoni

Katika mtaa wa Ganjoni, kisiwani Mombasa, karani mmoja alipata mgeni kutoka Kisumu, naye alikuwa shemeji yake, mvuvi wa miaka mingi. Usiku, baada ya chakula, mgeni akawasimulia watoto habari za mnyama wa Ziwa Viktoria ambaye Waganda walimwita lukwata, mwenye nguvu za kuzamisha mitumbwi. Habari hizo ni za zamani, Bwana C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya wakati ule, aliziandika katika jarida mwaka 1913. Mgeni akaongeza kuwa alfajiri moja aliona kwa macho yake mgongo mrefu wenye nundu nne ukipita majini.

Asubuhi mtoto wa miaka tisa akakataa kwenda ufukoni. Bibi yake akamuunga mkono: "Hata bahari yetu ina chunusi, naye hukamata watu miguu."

Baba wengi wangecheka. Lakini kicheko humnyamazisha mtoto tu, hofu ikabaki pale pale. Karani huyu alitwaa daftari, akapiga mistari ya vyumba vinne: nani aliona, alikuwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na ni kitu gani kingine kingeweza kuonekana hivyo. Chumba cha nne ndicho kilichowachukua jioni tatu. Waliandika mamba, chatu, ambaye ni mwogeleaji hodari, chamchela ya majini, ile nguzo inayoonekana kati ya maji na mawingu, na fisi maji, ambao wakiogelea kwa kufuatana huonekana kama mnyama mmoja mwenye nundu.

Mtoto akauliza kama lukwata hakuweza kusalia tangu enzi za kale. Baba akamweleza kuwa ziwa lile, pamoja na ukubwa wake wote, lina kina cha mita 80 hivi tu, na wataalamu waliochimba matope ya chini yake wamegundua kuwa miaka ipatayo 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Mnyama mkubwa wa majini angejificha wapi?

Akamtajia pia ziwa la Loch Ness, huko Scotland. Picha ya mnyama wake iliyotolewa gazetini mwaka 1934 ilikuja kujulikana kuwa ni kichwa cha sanamu juu ya nyambizi ya kuchezea. Mwaka 2018 Profesa Neil Gemmell wa New Zealand na wenzake waliteka maji ya ziwa hilo mahali pengi, wakatafuta ndani yake chembe zinazoachwa na ngozi, ute na kinyesi cha kila kiumbe. Mwaka uliofuata walitangaza kuwa hawakupata dalili ya mtambaazi mkubwa. Walichopata kwa wingi ni chembe za mikunga.

"Na chunusi je?" mtoto akauliza.

Hapo baba hakuwa na kitabu. Wakashuka pwani, chini ya mibuyu ya Mama Ngina, wakatupa kumbi la nazi majini, na mtoto akatembea ukingoni sambamba nalo akihesabu hatua kwa dakika. Siku ya maji mafu alilipita bila shida. Siku ya bamvua, ambapo maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, maji yalipoanza kutoka mlangoni mwa Kilindini ilimbidi akimbie, na hata hivyo kumbi lilimwacha.

Jioni alimwuliza bibi ni siku zipi walizokatazwa kuogelea alipokuwa msichana. Bibi akajibu: mwezi unapoandama, na mwezi unapokuwa mpevu. Hizo ndizo siku za bamvua. Mtoto aliandika jambo hilo kwa herufi kubwa, na siku ya maji mafu iliyofuata akaingia majini hadi kiunoni, baba yake akiwa kando.

Ikabaki nundu nne za mjomba. Mtoto alimwandikia barua Kisumu akiuliza umbali na mwanga. Jibu likaja: hatua 200 hivi, jua halijachomoza, lakini fisi maji anawajua tangu utotoni, na yule hakuwa fisi maji. Mtoto akaisoma barua mara mbili, akajaza vyumba vitatu, na cha nne akakiacha wazi.