Upelelezi wa Shuka ya Shangazi

Wasomaji wa Muhammed Said Abdulla wanamkumbuka Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), mpelelezi asiye askari, mwenye akili kali na kiko. Mimi sina kiko. Hata hivyo, huko Tabora shangazi yangu alinitaka nithibitishe kwamba shuka yake ni merikani, aliyorudi nayo kutoka pwani babu yetu mkuu, mpagazi wa misafara. Ushahidi huo ungemaliza ugomvi wa ukoo juu ya nani mwenye haki ya kulitunza sanduku la wazee.

Nilianza na historia. Merikani iliitwa hivyo kwa sababu ilifumwa Marekani, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Vita vya 1861-1865 vilipoikatiza biashara hiyo, nguo za Bombay zilishika nafasi yake, jina likabaki. Njiani kila nchi ilikuwa na mtindo wake, na msafara uliobeba nguo isiyopendwa uliweza kulala njaa juu ya mizigo yake.

Kisha nikakunjua pindo. Palikuwa na mhuri uliofifia: URAFIKI, kiwanda kilichoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968.

“Shangazi, hii imefumwa Ubungo.”

“Kwani mwanangu nimekuuliza imefumwa wapi? Nimekuuliza kama ni merikani.”

Nilikiri kuwa ni merikani. Neno lililohama Massachusetts hadi Bombay lingeshindwaje kufika Ubungo? Habari ya babu hakuniuliza tena. Akaikunja shuka, akairudisha sandukuni, akafunga.