Dau Kubwa Mpakani: Tawasifu ya Mbadilishaji Fedha wa Arua na Koboko

Arua, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, na Koboko, iliyo karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini, ni miji yenye watu ambao riziki yao hutegemea kukisia bei ya kesho, na mwandishi wa tawasifu hii alikuwa mmoja wao kwa sehemu kubwa ya umri wake wa kazi. Wao ni wabadilishaji fedha, yaani wafanyabiashara wanaonunua na kuuza shilingi, faranga za Kongo, pauni za Sudan Kusini na dola. Kazi yao inashabihiana mno na ya mtu anayeishi kwa poka, mchezo wa karata ambamo kila mmoja huweka dau bila kuona karata za wenzake. Katika aina ya poka inayochezwa zaidi duniani, mchezaji hupewa karata mbili za siri, na uwezekano wa zote mbili kuwa ree ni mara 1 katika 221. Kwa hiyo anayesubiri bahati hufilisika mapema, na anayedumu ni yule anayejua hesabu, anayesoma nyuso, na asiyeweka mtaji wake wote katika mzunguko mmoja.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyomlea mwandishi. Mbadilishaji hupata faida yake katika tofauti ndogo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, na anapolala na rundo la sarafu inayoshuka thamani, usiku mmoja waweza kula faida ya wiki nzima. Ndiyo maana mwandishi alijitahidi kuuza pauni zote kabla ya jua kuzama, hata kwa faida ya kujikimu tu. Macho na vidole navyo vilikuwa na kazi yake: dola zilizochapishwa kabla ya mwaka 2006 hununuliwa kwa bei ya chini au hukataliwa kabisa, noti iliyochanika pembeni hupunguziwa thamani, na burungutu lililofungwa kwa mpira lazima lifunguliwe na kuhesabiwa noti kwa noti mbele ya mwenyewe, kwa kuwa noti ndogo huweza kufichwa katikati.

Mtihani mkubwa ulitoka upande wa pili wa mpaka. Pauni ya Sudan Kusini ilianza kutumika Julai 2011, na kwa miaka kadhaa serikali ya Juba iliishikilia kwa bei rasmi ya karibu pauni 3 kwa dola 1, ilhali Oraba, kituo cha mpakani kinachotazamana na Kaya, dola hiyohiyo ilikuja kuuzwa kwa pauni nyingi zaidi mara kadhaa. Tarehe 15 Desemba 2015 Benki Kuu ya Sudan Kusini iliiachia sarafu hiyo ijitafutie bei, na bei rasmi ikaruka hadi zaidi ya pauni 18. Wengi waliliita tukio hilo anguko. Kwa watu wa Oraba lilikuwa ni benki kukiri bei ambayo wao walikuwa wakiiona kila asubuhi.

Kilichofuata ndicho kilichokuwa kizito. Vita vilipozuka upya Juba Julai 2016 na kuenea hadi mji wa Yei, biashara ya mpakani ilidhoofika, wakimbizi wakamiminika Koboko na Yumbe, na kufikia Oktoba mfumuko wa bei nchini Sudan Kusini ulikuwa umepita asilimia 800 kwa mwaka. Hapo ndipo ulinganisho na poka unapofikia kikomo chake, kwani katika poka anayepoteza aliketi mezani kwa hiari, lakini mama aliyevuka mpaka na watoto, akiwa na akiba ya nyumba nzima katika pauni, hakuwa amekubali mchezo wowote. Mwandishi anashikilia kwamba kumficha mtu wa namna hiyo bei ya siku ni dhuluma, hata kama soko zima linafanya vivyo hivyo.

Sheria ya Fedha za Kigeni ya Uganda ya mwaka 2004 inamtaka kila mbadilishaji awe na leseni, lakini leseni pekee haimwambii mgeni thamani ya noti alizonazo mkononi. Wakuu wa Koboko na wabadilishaji wenyewe wanaombwa waweke ubao Oraba, uandikwe bei ya kununua na ya kuuza kila asubuhi, kwa herufi kubwa, mahali ambapo kila anayevuka ataisoma kabla hajafungua mkoba wake.