Tulilomwambia Mama Yule



Miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja mjane wa mtaa wetu hapa Mombasa. Alikuwa amemshika mkono mwanawe, kijana wa miaka 24 aliyepata kuwa mwanafunzi wetu chuoni. Tulimkumbuka vyema, kwani alihifadhi Juzuu Amma kabla ya kutimiza miaka tisa, na kisomo chake kilikuwa kikipendeza. Siku ile macho yake yalikuwa chini, makamasi yakimtiririka, naye amejikunyata kwa baridi ilhali jua la Kaskazi lilikuwa kali. Mama akasema kwa sauti ndogo: "Maalim, mwanangu anatumia unga. Ameuza mtungi wa gesi, ameuza masufuria, na jana ameuza cherehani ninayoshonea. Nimpeleke wapi?"

Swali lilikuwa fupi. Sisi tulilijibu kwa maneno mengi, na mengi kati yake hayakuwa ya ilimu. Tulimwambia kwanza tumsomee kijana ruqya, nayo ni kheri. Kisha tukamwambia ampeleke katika nyumba moja ya kurekebishia tabia iliyo nje ya mji, ambako tulisikia vijana hufungiwa mpaka unga uwatoke mwilini. Na alipotuuliza kuhusu methadoni, dawa inayotolewa katika kliniki za serikali, tulimjibu kwamba huko ni kubadilisha sumu kwa sumu, na Mwislamu haachi haramu kwa haramu. Neno hilo tukalirudia katika darsa msikitini, zaidi ya mara moja.

Mama aliuza bangili zake mbili za dhahabu, alizovishwa siku ya harusi yake, akalipa ada ya miezi mitatu. Katika nyumba ile hapakuwa na daktari wala muuguzi. Kijana alipita arosto yake amefungwa mnyororo mguuni, akitapika na kuharisha, na maji ya kunywa akiyapata kwa kuomba. Mama yake hakuruhusiwa kumwona. Haya tuliyajua baadaye. Tulichokiona wakati ule ni kijana aliyerudi amenawiri, kanzu imemkaa vizuri, akasimama nasi safu ya kwanza. Tulisoma dua nyumbani kwao, tukala, tukampongeza mama, naye akalia kwa furaha.

Siku ya sita alikutwa ameanguka chooni, midomo imebadilika rangi, pumzi inakaribia kukatika. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, jirani mmoja alikuwa na ndugu anayefanya kazi ya kuwafikia watumiaji maskani. Akaja mbio na sindano ya naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini kwa muda, kisha wakamkimbiza hospitali. Akaishi.

Huko hospitali muuguzi alitueleza jambo ambalo lau tungalilijua mapema, tusingalisherehekea vile. Mwili uliokaa miezi bila unga hupoteza uwezo wa kuuhimili. Mtu akirudia kipimo kile kile cha zamani, kipimo kile humuua. Kwa hiyo siku za mwanzo baada ya kutoka katika nyumba kama zile ni siku za hatari kubwa, hasa kwa aliyetoka bila dawa wala mtu wa kumfuatilia. Nasi hatukuwa tumemwandalia chochote ila dua na chakula.

Mama yule alitugeukia pale ukumbini akasema: "Niwie radhi, Maalim. Ile dawa ulisema ni haramu. Ulisema kwa kujua, au ulisema tu?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tukaanza kuuliza, kama tulivyopaswa kuuliza kabla ya kufungua vinywa vyetu. Tulikwenda wenyewe kliniki. Tukaona watu wamepanga foleni asubuhi, wengine wamevaa nguo za kazi, kila mmoja akipewa kikombe kidogo cha dawa na kuinywa mbele ya mhudumu. Tulielezwa kwamba methadoni hudumu mwilini takriban siku nzima. Kipimo kikiwa sawa, haimlevyi aliyekwisha kuzoea heroini, bali humwondolea arosto na ile kiu ya unga, akili ikatulia, akaweza kusali, kufanya kazi na kukaa na watu wake. Wengine huitumia kwa miaka, kama vile mwenye kisukari au presha anavyotumia dawa yake. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa Pwani, ambako heroini imekuwa ikiangamiza vijana wetu tangu miaka ya 1980, kliniki ya Malindi ilianza kuitoa mwaka 2015, na Kisauni ikafuata.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba hapana maradhi yaliyoshushwa ila yameshushiwa dawa. Akamfunza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mola wake. Sisi tulimtaka mama yule ategemee bila kufunga. Ruqya na toba ni nguzo ya moyo, wala hatuziachi, lakini hazimzuii mtu kwenda kwa tabibu.

Enyi akina mama, ikiwa nyumbani mwenu mna mgonjwa wa namna hii, msianze kwa kuuza dhahabu. Anzeni kwa kuuliza. Kila dawa ya kulevya ina tiba yake. Methadoni ni ya waliozoea heroini na jamii yake. Haimtibu mlevi wa pombe wala mtafuna miraa. Aliyezoea pombe nyingi kila siku asikatishwe ghafla nyumbani, kwani anaweza kupata degedege na kufa. Apelekwe kwa daktari kwanza. Na binti mjamzito anayetumia heroini naye asikatishwe kwa ghafla, bali afikishwe kliniki haraka. Aibu isituzuie kumfikisha, maana mabinti wetu tunawaficha zaidi kuliko wavulana.

Mkitafuta nyumba ya kulaza wagonjwa, ulizeni kama imesajiliwa na NACADA, chombo cha serikali kilichopewa kazi hiyo. Simu yao ya bure ni 1192. Ulizeni ni nani atakayempima mgonjwa siku ya kwanza, na kama atapimwa kifua kikuu, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Ulizeni kama mtaruhusiwa kumtembelea, na gharama yote muandikiwe kwa karatasi. Kisha ulizeni atakapotoka ni nani atakayemfuatilia. Wakisema mgonjwa hufungwa minyororo au hupigwa ili atie adabu, ondokeni. Wakiwaahidi kwamba atatoka amepona kabisa na hatarudia tena, ondokeni vile vile, kwani kurudia ni sehemu ya maradhi haya kwa wengi, na tabibu mkweli hulisema hilo mapema.

Kijana wetu sasa ana mwaka wa tatu akienda kliniki. Aliteleza mara mbili, akarudi. Anapakua mizigo Marikiti, na mama yake amepata cherehani nyingine. Bado hajataka kusimama safu ya kwanza, nasi hatumlazimishi. Ramadhani iliyopita alitujia kuuliza juu ya saumu na dawa yake. Tulimwambia tusingemjibu peke yetu, tukaenda naye kwa daktari wake, na jibu tukalipata pamoja.

Bangili hazikurudi. Tulipomwambia mama tunataka kumwomba radhi, alisema: "Mimi nimekusamehe, Maalim. Lakini lile neno ulilisema msikitini, na wako waliolisikia ambao hawatakuja kwako kukuuliza." Wiki iliyofuata tulilitangua katika darsa ile ile. Baadhi ya wazee hawakupendezwa. Leo tunalitangua hapa pia, kwa ajili ya mama ambaye pengine amemzuia mwanawe kwenda kliniki kwa sababu ya neno letu. Tulikosea. Mpeleke.

Tunamwomba Allah atusamehe tuliyoyasema bila ya ilimu, na awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.