Ngeli ya Utu

Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Methali hii tulifundishwa utotoni ili tusimcheke mwenye kilema, na mafundisho hayo yalikuwa mema. Hata hivyo, yalikuwa na upungufu ambao hatukuutambua hadi alipozaliwa mdogo wetu wa mwisho. Yalitutaka tumheshimu mwenzetu kwa kuchelea kwamba nasi huenda tukapatwa na yaliyompata. Mdogo wetu hakupatwa na jambo. Ndivyo alivyoumbwa.

Kwa kawaida binadamu ana kromosomu 46 katika seli za mwili wake. Yeye anazo 47, kwani ile ya 21 anazo tatu badala ya mbili. Daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliieleza hali hiyo mwaka 1866, na chanzo chake kikabainishwa na Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin huko Ufaransa mwaka 1959. Basi si laana, si uchawi, wala si kosa la mama. Lakini mtaani kwetu mtoto aliitwa zezeta, nasi ndugu zake tulinyamaza. Na tukiri yaliyo mabaya zaidi: walipokuja wageni, tulimfungia katika chumba cha uani.

Siku washenga walipokuja kumposa dada yetu, mlango haukufungwa barabara. Chakula kilipoandaliwa, alitokea na birika na beseni, akaanza kuwanawisha wageni mikono, mkubwa kwanza, kisha wadogo. Hakuna aliyemfundisha, miaka yote alikuwa akichungulia dirishani. Mzee mmoja akauliza, “Huyu ni nani?” Sote tukainama. Naye, kwa matamshi yake mazito, akajitaja jina. Mzee akamwita kwa jina hilo, akasema, “Weka birika, mjukuu wangu, uje ule nasi.” Tuliona haya, si kwa ajili yake tena, bali kwa ajili yetu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiitafakari lugha yetu. Maneno kipofu, kiziwi na kiwete yana umbo lile lile la kiti na kisu. Lakini Mswahili hasemi kipofu kimefika. Husema kipofu amefika. Jina limemweka pamoja na vitu, upatanisho ukamrudisha kwa watu. Sarufi ilijua tusilolijua sisi. Hata Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilitanguliza neno watu, na ulemavu ukafuata nyuma.

Walakini sheria haiwezi kufungua mlango wa uani. Hufunguliwa na mkono wa mwenye nyumba. Kwa hiyo mwalimu afundishapo ngeli, na mwanafunzi aandikapo mifano yake, wajiulize pamoja: wageni wanapoketi barazani kwetu, ni nani aliyeachwa ndani?