Mwanafunzi Aliyetoka Zamu ya Usiku

Aghalabu walimu wanafunzi hudhani kuwa mtu mzima aliye kazini ni mwepesi kufundishika kuliko mtoto, maadam amejichagulia mwenyewe kusoma. Sisi nasi tulidhani hivyo. Katika makala hii twapenda kueleza jinsi dhana hiyo ilivyotupotosha tulipomsaidia tabibu mmoja kujiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Sita, ili apate kuingia chuo cha udaktari.

Ndugu huyo hufanya kazi katika zahanati iliyo jirani na mwalo wa wavuvi, mwendo wa saa moja kwa daladala kutoka Mwanza mjini. Wavuvi na wachuuzi wa dagaa humwita Daktari, nasi tulimwita hivyo. Lakini kwa taratibu za elimu yeye si daktari. Anayo stashahada ya utabibu ya miaka mitatu. Shahada ya udaktari ni miaka mitano mingine, na baada yake mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Mwenye stashahada aweza kuomba nafasi moja kwa moja iwapo wastani wa alama zake unatosha. Wa kwake haukutosha. Njia iliyobaki ilikuwa kufanya mtihani wa Fizikia, Kemia na Baiolojia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kila alipokuja mjini alikitazama kilima cha Bugando, chenye hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako tangu mwaka 2003 hufundishwa madaktari.

Hapo zamani jambo hili lilitazamwa kwa jicho jingine. Mwezi Novemba 1974, huko Musoma, mji mwingine wa ukingo wa ziwa hilihili, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliazimia kuwa vijana wasitoke Kidato cha Sita na kwenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Wafanye kazi kwanza, na waajiri wao watoe maoni juu yao. Baadaye utaratibu huo uliachwa. Lakini swali lake lingali hai: je, kazi ni kizuizi cha elimu, au ni sehemu yake?

Sisi tulimfundisha kana kwamba ni kizuizi. Kwa miezi miwili, jioni tatu kila juma, tulisoma maelezo naye akanakili. Tulipompa jaribio la Kemia alipata alama 21 kwa 100. Jioni iliyofuata alisinzia juu ya daftari, nasi tukamkemea kama tunavyomkemea mtoto wa darasa la pili.

"Mwalimu, niwie radhi," alisema. "Tangu usiku wa manane nilikuwa na mtoto anayeharisha. Nilimnywesha kijiko kwa kijiko mpaka kukapambazuka." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kuwa pengine masomo haya si ya watu wa umri wake, na kwamba afadhali ada ya mtihani awanunulie wanawe sare za shule.

Tuliona aibu. Kwa kukosa la kusema, tukamwuliza alimnywesha nini. Akatoa mfukoni pakiti ya ORS na kuiweka mezani. Tuliisoma pamoja: glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, sitreti ya sodiamu gramu 2.9, yote kwa lita moja ya maji safi. Ndipo yeye akauliza, "Mwalimu, siku zote nawaambia kina mama wasizidishe maji wala kuyapunguza. Lakini sukari imo ya nini, ikiwa mtoto amepoteza maji na chumvi?"

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko maelezo yetu yote ya miezi miwili. Glukosi na sodiamu hupita pamoja katika ukuta wa utumbo. Sukari huisaidia chumvi kuingia, na maji hufuata kwa osmosisi. Kisha tukagawa: gramu 13.5 kwa 180 ni moli 0.075 za glukosi, gramu 2.6 kwa 58.5 ni moli 0.044 za chumvi. Hesabu za moli zilizomshinda katika jaribio alizifanya usiku ule bila msaada, kwa kuwa sasa alijua zinapima kitu gani.

Tangu hapo tuliacha kusoma maelezo. Yeye alileta jambo moja kutoka zamuni, nasi tukatafuta mahali pake katika muhtasari wa somo. Katika Baiolojia alileta kichocho, anachokitibu kila mwezi, na kutoka kwa konokono wa ziwani tukafuata mzunguko mzima wa maisha ya minyoo ile. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, ilhali yeye huwaeleza wagonjwa kwa Kiswahili na Kisukuma. Kwa hiyo alieleza kwanza kwa Kiswahili mpaka ikaeleweka, ndipo akatafuta maneno ya mtihani.

Fizikia tuliichelewa. Zilipobaki wiki tatu ndipo tulipotambua kuwa chupa ya dripu anayoitundika juu ya kitanda ni somo zima la kanieneo ya vimiminika. Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu Baiolojia na Kemia, Fizikia ilimwangusha. Hatuwezi kusema kosa lote lilikuwa lake, kwani ile miezi miwili tuliipoteza sisi. Amejiandikisha tena, nasi tumeanza na dripu.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapofika katika shule ya msingi utakuta watoto waliokwisha kufanya kazi kabla ya kengele: wameteka maji, wameanika dagaa, wamechunga. Yupo atakayesinzia. Kabla ya kumkemea, mwulize ametoka wapi na alikuwa akifanya nini. Kisha ufungue andalio lako la somo, uone kama alichokuwa akifanya hakimo humo. Nasi lau tungaliuliza jioni ya kwanza, huenda leo ndugu yetu angalikuwa kilimani.