Karatasi Moja Kabatini

Akina mama wenzangu, wengi wetu hapa Mwanza tunalea watoto katika nyumba za kupanga. Igogo, Mabatini, Nyakato, Igoma, kote huko familia nyingi huanza maisha kwa chumba na sebule. Mume wangu nami tulipanga Mabatini kwa miaka tisa. Sasa tuna vyumba viwili vya uani tunavyopangisha, kwa hiyo nimeonja pande zote mbili.

Jirani yetu wa Mabatini alikuwa na mwenye nyumba mwema sana. Paa lilipovuja, mzee huyo alimwambia anunue mabati kwa fedha yake, kisha akate kwenye kodi. Mama akanunua mabati sita. Tena alikuwa amekwisha kulipa kodi ya miezi sita mbele. Yote yalikuwa maneno ya mdomo. Baada ya wiki chache mzee akafariki. Warithi walipokuja kutoka kijijini, hawakujua habari za mabati wala za kodi, wakadai kodi upya. Hawakuwa watu wabaya. Hawakuwa na cha kusoma. Yule mama alihama na watoto wanne katikati ya muhula wa shule.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mkataba hauandikwi kwa sababu mwenzako ni mbaya. Huandikwa kwa ajili ya siku ambayo mtu mwema hayupo.

Wengine huona aibu kudai karatasi kwa ndugu au muumini mwenzao. Lakini nabii Yeremia aliponunua shamba la binamu yake Hanameli, alipima fedha mbele ya mashahidi, hati ikatiwa muhuri na kuhifadhiwa katika chombo cha udongo. Undugu wao haukupungua.

Zamani Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilimkinga mpangaji. Ilifutwa mwaka 2005, na leo kiasi cha kodi ni mapatano yenu wenyewe. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa kila mmoja wajibu wake. Mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani, na anapopangisha sehemu tu ya nyumba, atunze paa, kuta kuu na mifereji. Mpangaji alipe kwa wakati na kuirudisha nyumba katika hali njema. Kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, anayetaka kuvunja upangaji, awe yeye au mwenye nyumba, atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja.

Mkishindwa kuelewana, Baraza la Kata huwapatanisha. Tangu mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua. Hiyo ni kazi ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko, mwenye karatasi ana pa kuanzia.

Sasa tuandike nini? Kwanza, majina ya mume na mke wote wawili, ili baba akisafiri au akifariki, mama asiwe mgeni chumbani mwake. Pili, kiasi cha kodi, muda wake, na risiti kwa kila malipo. Tatu, nani anatengeneza nini, na gharama zinakatwaje. Nne, maji na umeme mtagawana vipi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU. Anayedaiwa kisheria ni mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Semeni mapema atarudishiwa namna gani. Mwisho, tieni sahihi mbele ya mashahidi, na kila upande ubaki na nakala.

Wapangaji wetu wawili walishangaa tulipowapa mkataba kabla hawajauomba. Mmoja aliuliza kama hatumwamini. Mume wangu akamjibu, "Tunakuamini, mama. Hii ni ya watoto wetu na wako, siku sisi wakubwa tusipokuwepo." Alitia sahihi, akaiweka pamoja na kadi za kliniki za watoto.